Kwa Uamuzi wa Hapa Hapa: Historia ya Waifai Iliyokuwa Ikinikatikia Chepilat

Watu wangu, hii posti nilipaswa kuiandika mwaka jana. Nimekuwa nikiikwepa juu ya aibu tu.

Wale mmekuwa na mimi tangu 2024 mnakumbuka ile video ya mwezi wa sita. Nilisimama kando ya barabara ya Sotik kwenda Kisii, hapa Chepilat, nikasema jamaa anayetuuzia waifai "anatukatia makusudi sisi wa upande huu". Ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Baada ya wiki kadhaa niliitoa na sikueleza kwa nini. Leo naeleza, ila tutazunguka kidogo, maana nilipoanza kuchimba kwa nini laptopu yangu inapoteza waifai nilijikuta Hawaii mwaka 1971, nikapitia kwa watengenezaji wa mashine za kuhesabia pesa dukani, nikarudi hapa kwetu Januari 2008. Mimina chai.

Kwa wageni: Chepilat ni senta iliyokalia mpaka. Huku ni Sotik, kaunti ya Bomet, Wakipsigis. Kule ni Borabu, kaunti ya Nyamira, Wakisii. Majani chai ni yale yale pande zote mbili, mvua ya saa tisa ni ile ile, na sokoni huwezi kujua nani ni wa wapi mpaka afungue mdomo. Jamaa wa waifai ni wa kule. Ana mlingoti, ana ruta, unalipa shilingi kumi kwa M-Pesa unapata saa zako. Mimi ni wa huku. Nilipoandika "upande huu" nilijua vizuri sana naandika nini, tusidanganyane.

Sasa kilichokuwa kinanisumbua. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Nikarudi nyumbani, mama anachuma chai ya kwake kidogo, mimi nikaanza kontenti, na kwa sababu kontenti haikulishi mwanzoni, nikawa nafanya kazi ya kuandika sauti za watu mtandaoni. Unatumiwa rekodi, unasikiliza, unaandika, unatuma kabla saa waliyokupa haijaisha. Laptopu ilikuwa mtumba, zile tunaita ex-UK, ramu giga nne. Windows ilikuwa inaipanda kama lori la chai kwenye matope. Binamu yangu akanipa flashi yenye Linux, tukaweka, mashine ikafufuka. Bure kabisa. Shida ikawa moja: waifai. Inashika dakika sita, inakufa. Inarudi, inakufa. Natuma faili, inafika asilimia tisini, kwisha. Nilichelewa kazi tatu kwa mwezi mmoja na akaunti ikafungwa. Hiyo ndiyo pesa ilikuwa inalipa unga kwetu.

Kumbuka pia ilikuwa msimu gani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikawa inavuta intaneti kwa mrija. Kwa hivyo mwanzoni nililaumu bahari. Bahari ikatengenezwa, watu wengine wakarudi mtandaoni kawaida, mimi bado nakatika. Ndiyo nikamgeukia jirani.

Wacha nianze historia sasa, juu bila hiyo hutaelewa nilikosea wapi.

Waifai haikubuniwa ili wewe uangalie video. Mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Hawaii, profesa anaitwa Norman Abramson na wenzake walikuwa na shida ya visiwa: kompyuta iko Honolulu, watumiaji wako kisiwa kingine, laini za simu ni ghali na mbovu. Wakatumia redio. Mtandao wao uliitwa ALOHAnet. Jambo la maana walilofanya ni kwamba kila mtu alitumia mawimbi yale yale. Ukiwa na ujumbe, tuma. Ukigongana na wa mwenzako, kila mmoja anangoja muda wa kubahatisha halafu anatuma tena. Baadaye waifai iliongeza adabu kidogo: sikiliza kwanza kama kuna mtu anaongea. Ni kama kokwet, kile kikao cha wazee wa kijiji kwetu. Hakuna mwenyekiti anayegawa dakika, ila hakuna anayeanza kusema juu ya mwingine, na wawili wakianza pamoja wote wananyamaza.

Ikakaa hivyo mpaka 1985. Mwaka huo tume ya mawasiliano ya Marekani ilifungua vipande fulani vya mawimbi vitumike bila leseni kwa mawasiliano. Vilikuwa vipande ambavyo havitakiwi na mtu, kikiwemo kile cha 2.4 GHz ambapo oveni za maikrowevu hupasha chakula. Kampuni iliyochangamkia ilikuwa NCR, ambao biashara yao ilikuwa mashine za kuhesabia pesa madukani. Walitaka mwenye duka aweze kuhamisha kaunta bila kuchimba sakafu kupitisha waya. Fikiria, waifai ilizaliwa kwa sababu ya soko. Wahandisi wao Uholanzi wakatengeneza kitu kinaitwa WaveLAN, na mmoja wao, Vic Hayes, akaongoza kamati ya kuandika kanuni moja ya wote. Kanuni hiyo, 802.11, ilipitishwa 1997 ikiwa na kasi ya megabiti 2 tu kwa sekunde. Mwaka 1999 ikapanda hadi 11, na mwaka huo huo ikapewa jina la Wi-Fi, jina ambalo halina kirefu chochote. Wataalamu wa kutunga majina walilipwa kulitunga. Wale hukuambia ni kifupi cha kitu fulani wanakupiga.

Shikilia kitu kimoja kutoka hiyo kanuni ya 1997. Tayari ndani yake kulikuwa na ruhusa ya kadi ya kompyuta kulala. Ruta hutangaza "niko hapa" karibu mara kumi kwa sekunde. Kadi inaweza kusinzia katikati ya matangazo ili kuokoa betri, ikiamka kwa wakati kusikiliza kama ina mzigo wake. Ikiamka vizuri, hujui kitu. Ikilala fofofo, ndiyo unaona ile duara inazunguka tu. Tutarudi hapo.

Sasa Linux. Mnajua hadithi ya Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki aliyeachilia kiini cha mfumo wake 1991, watu wa dunia nzima wakaongeza. Sitairudia. Nisemacho ni kwamba kiini hicho hakiwezi kuongea na kadi ya waifai bila draiva. Draiva wa matatu tunamjua. Huyu ni programu inayojua vitufe vya kadi fulani: bonyeza hapa itume, bonyeza pale ibadilishe chaneli. Windows ilikuwa inapata draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kadi mwenyewe. Linux ilikuwa inapata mlango umefungwa. Miaka ya 2000 kampuni nyingi za chipu zilikataa kutoa hata karatasi za maelezo. Nyingine zilisema ni siri ya biashara. Nyingine zilisema mtu akijua vitufe vyote ataweza kurusha mawimbi mahali sheria inakataza. Hiyo ya pili ina uzito wake kidogo, sitakataa. Matokeo kwa mtu wa kawaida yalikuwa kununua laptopu ambayo waifai yake ni pambo.

Kulikuwa na njia za mkato ambazo ukizisoma leo unacheka. Moja iliitwa ndiswrapper: unachukua draiva ya Windows, unaidanganya kwamba iko ndani ya Windows, inafanya kazi ndani ya Linux bila kujua imehamishwa. Nyingine ilikuwa kama kisu, inakata kipande cha programu ya ndani ya kadi kutoka kwenye faili la Windows. Kipande hicho huwezi kugawa kwa watu kwa sababu za kisheria, kwa hivyo kila mtu apakue mwenyewe. Yaani ili upate waifai lazima kwanza uwe na intaneti. Walioishi enzi za saiba wanajua uchungu wa kutembea kwenda senta na flashi ili kutengeneza kompyuta iliyo nyumbani.

Kichekesho kikubwa ni cha 2003. Ruta ya Linksys inaitwa WRT54G, ya buluu na nyeusi, iliuzwa kila mahali. Watu wakaichungulia wakagundua ndani yake kuna Linux. Leseni ya Linux inasema ukiuza kitu chenye hiyo programu, sharti utoe na maandishi yake. Kampuni ikabanwa, ikatoa, na kutoka hapo ukazaliwa mradi wa OpenWrt mwaka 2004. Sasa chipu ya waifai ndani ya ile ruta ilikuwa ya Broadcom, kampuni ile ile ambayo wenye laptopu za Linux walikuwa wanaililia karatasi za maelezo na hawapati. Ruta inatumia Linux kukupa waifai, na laptopu ya Linux haiwezi kuipokea.

Waliofungua huo mlango walifanya kazi ya ajabu. Walijigawa makundi mawili. Kundi la kwanza lilichungulia draiva iliyofungwa, likaandika kwa maneno ya kawaida kile kadi inafanya: andika namba hii pale, ngoja, soma jibu. Kundi la pili halikuruhusiwa kabisa kuona draiva ya asili. Lilisoma tu maelezo ya kundi la kwanza na kuandika draiva mpya kutoka sifuri, ili mtu asije kusema wameiba. Draiva yao ya kwanza iliingia ndani ya kiini cha Linux Juni 2006. Ile iliyoandikwa upya, b43, ilitoka na toleo la 2.6.24, Januari 2008.

Januari 2008. Nilipoisoma hiyo tarehe nilifunga laptopu kidogo.

Nilikuwa na miaka mitano. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulikuwa umepita, na mpaka huu wa Sotik na Borabu ulikuwa unawaka. Nakumbuka moshi, nakumbuka kulala tumevaa viatu, nakumbuka kambi za watu na polisi. Sitaandika zaidi, kila nyumba pande zote mbili ina yake, na sijaomba ruhusa ya mtu. Ninachosema ni hiki: maneno yaliyotangulia ule moto yalikuwa ya aina ile ile niliyoyatumia kwenye video yangu. Wao wanatukatia. Wao wanatuzuia. Chini ya video yangu kulikuwa na maoni mamia kadhaa, na kufikia siku ya pili hakuna aliyekuwa anaongea kuhusu waifai. Mmoja aliandika "waliturudisha nyuma 2008 na bado". Nilimpa alama ya moyo. Naomba mlijue hilo, juu ningependa kulificha.

Turudi kwenye mashine.

Siku moja mwisho wa Juni, ile wiki ya maandamano ya mswada wa fedha, binamu yangu alikuja kututembelea. Akaketi kitandani kwangu, simu yake kwenye waifai ya yule jamaa, akawa anatazama Nairobi moja kwa moja bila kukwama. Mimi mita moja kutoka kwake nimekatika mara ya nne. Akaniangalia. "Kwani yeye anajua hii ni simu ya Mkipsigis?" Nikanyamaza. Kumbuka simu yangu mimi ilikuwa ya bando, sikuwahi kuiunganisha pale. Kwa miezi mitatu sikuwahi kufanya hilo jaribio la dakika moja.

Akaniambia niandike amri moja kwenye dirisha la amri: journalctl -k. Hiyo ni shajara ya kiini, kila kitu mashine inafanya inajiandikia pale kwa saa na sekunde. Tukatafuta zile dakika nilizokatika. Kila mara mstari ulikuwa ule ule, kwa Kiingereza, na ndani yake maneno matatu: by local choice. Yaani muunganisho umekatwa kwa uamuzi wa hapa hapa. Ruta haikunifukuza. Ingekuwa imenifukuza, ungeandikwa vingine. Laptopu yangu yenyewe ilikuwa inaamua kuondoka, tena na tena, halafu mimi natoka nje kutafuta wa kulaumu.

Wenye shida kama yangu, fuateni hivi kabla hamjashika kamera.

Kwanza tenganisha safari. Intaneti inatoka baharini, inaingia Mombasa, ambapo SEACOM ilifunguliwa Julai 2009 na kabla yake nchi hii ilitegemea setilaiti, ndiyo maana wazee wa saiba wanakumbuka bei za kutisha. Kutoka Mombasa inapanda Nairobi, inafuata nyaya za barabarani, inapanda mlingoti, inashuka kwa ruta, inapenya mabati, inaingia kwako. Sasa pingi ruta yenyewe, ile anwani inaanza na 192.168 kwa wengi, kwenye dirisha moja, na kwenye dirisha lingine pingi 8.8.8.8. Ruta ikijibu vizuri na ile ya mbali inakwama, shida iko mbele, mlaumu bahari ukitaka. Ruta yenyewe ikiwa inakwama na uko mita nne kutoka kwake, shida iko chumbani mwako.

Yangu ilikuwa chumbani. Tukaandika iw dev kupata jina la kadi, halafu iw dev na jina hilo na neno link mwishoni. Inakupa nguvu ya mawimbi kwa namba hasi, na iliyo karibu na sifuri ndiyo nzuri. Simu ya binamu ilikuwa inasoma kama -50. Laptopu ilisoma -82. Kila hatua ya kumi ni mara kumi, kwa hivyo hesabu mwenyewe: laptopu yangu ilikuwa inasikia ruta kwa nguvu iliyo chini zaidi ya mara elfu moja kuliko simu iliyo pembeni yake. Mtu anakupigia kelele sikioni na wewe unasema "hebu rudia".

Tulijaribu usingizi kwanza. Mifumo mingi ya familia ya Ubuntu huja na ruhusa ya kadi kulala ikiwa imewashwa. Iko kwenye folda /etc/NetworkManager/conf.d, faili lenye neno powersave, namba 3. Ukiweka 2 inazimwa. Tukaweka 2, tukazima na kuwasha. Ikawa afadhali: badala ya dakika sita, ishirini. Wengi wenu hapo ndipo mtapona, mkalale.

Halafu nchi. Andika iw reg get. Yangu ilisema 00, maana yake haijui iko wapi duniani, kwa hivyo inajibana kwenye kanuni za woga zinazofaa kila mahali. Waliowahi kununua gari kutoka Japani wanalijua hili: redio inashika stesheni za kule, zetu nyingi iko nje yazo. Tukaweka KE. Kwa kwangu haikubadilisha kitu, lakini ruta ikiwa kwenye chaneli 12 au 13 huenda usiione kabisa bila hivyo.

Mwisho tukafika kwenye jibu, na hapa historia yote ile ikanirudia. Laptopu za bei rahisi huwa zina nafasi mbili za kuunganisha antena kwenye kadi, na mtengenezaji wa laptopu, kuokoa shilingi kadhaa, anaweka waya mmoja tu. Draiva haina macho. Inakisia antena iko upande gani. Ikikisia vibaya, inasikiliza kwa sikio ambalo halipo, inanasa kidogo kinachovuja. Jina la kampuni silitaji, sitaki barua. Draiva yangu ilikuwa na kigezo kinaitwa ant_sel cha kuiambia upande. Amri ya modinfo na jina la draiva yako itakuonyesha vigezo vyote ilivyo navyo, na kama hicho kipo, unakiandika kwenye faili dogo ndani ya /etc/modprobe.d. Tukaweka 2. Tukawasha upya.

-49.

Kutoka -82. Karibu mara 2,000, kwa mstari mmoja wa maandishi. Kilomita maelfu za waya baharini na nchi kavu zilikuwa sawa, mlingoti ulikuwa sawa, na shida ilikuwa shubiri moja ya waya ndani ya kava la laptopu yangu.

Usiku ule sikulala. Nilitaka kujua ni nani alifikiria mtu kama mimi, mwenye mashine ya mtumba yenye waya mmoja, akaniachia hicho kitufe. Kila nilipogusa habari za draiva za waifai za Linux, jina moja lilikuwa linarudi: Larry Finger. Mmarekani, mzee. Alikuwa kwenye ile kazi ya b43, na baadaye akabeba draiva za kadi za bei nafuu, zile kampuni hutupa mtandaoni mara moja halafu zinasahau. Kwa karibu miaka 20 alirekebisha, alituma, na alijibu maswali ya watu wasiojulikana ambao waifai yao inakatika. Nilisoma majibu yake mengi. Mengine makali kidogo, hasa kwa mtu aliyeuliza bila kuleta shajara. Anamwambia alete kwanza ushahidi wa mashine inasema nini, ndiyo waongee. Ningeenda kwake na video yangu angenifukuza.

Nikatafuta yuko wapi siku hizi nimwandikie asante. Alikuwa amefariki tarehe 21 Juni 2024. Siku chache tu kabla ya binamu kuketi kitandani kwangu. Mke wake ndiye aliyewaarifu watengenezaji wenzake.

Kuhusu hao wenye makampuni, msinielewe vibaya, mambo yamebadilika. Broadcom wenyewe walitoa draiva ya wazi Septemba 2010, na leo kampuni kadhaa zinalipa watu kuandika draiva za Linux. Wanajua Android ni Linux pia, na hapo kuna pesa. Lakini mtumba ni mtumba. Sisi tunanunua mashine za miaka kumi iliyopita, kwa hivyo sisi huku tunaishi na maamuzi ya miaka kumi iliyopita, pamoja na siri zake. Mtu wa London aliitupa hiyo laptopu labda kwa sababu ya hiyo hiyo waifai. Ikafika Luthuli Avenue, ikafika kwangu, na kitu pekee kinachonisimamia ni watu waliokaa na kadi hizo wakati hakuna aliyewalipa.

Asubuhi nilivuka kwenda kwa yule jamaa. Duka lake ni dogo, anauza chaja, anapiga picha za pasipoti, na ruta iko juu ya kabati. Nikamsalimia kwa Kikisii, "Bwakire," vibaya. Akajibu "Chamgei," vizuri kuliko mimi. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha na nimekuja na laptopu, nikafungua nikamwonyesha ile shajara.

Aliisoma polepole. Halafu akageuza skrini yake akanionyesha ya kwake. Ruta za aina ile nazo zinaandika shajara. Akatafuta laptopu yangu, mistari ikashuka kama mvua: imeondoka yenyewe, imeondoka yenyewe, imeondoka yenyewe. Tangu Aprili.

"Ulikuwa nayo hii?" nikauliza.

"Dada, nilikuandikia uje na hiyo laptopu nione. Angalia meseji zako."

Ni kweli. Ilikuwa pale, ya siku ya pili baada ya video, kati ya mamia. Sikuifungua juu nilidhani ni matusi.

"Kwa nini hukuposti hii? Ungenimaliza."

Akacheka kidogo, cheko isiyo na furaha. "Niposti nini? Mkisii anaonyesha mtandaoni kwamba Mkipsigis amesema uongo? Hapa Chepilat?" Akafuta kaunta kwa mkono ingawa ilikuwa safi. Akaniambia wateja kumi na moja wa upande wetu waliacha kulipa wiki ile. Sita wamerudi.

Niliomba majina ya wale watano. Alikataa kunipa. Kwa hivyo nimeandika hii, na kama wewe ni mmoja wao, jamaa bado yuko pale pale karibu na stendi, na laptopu yako ukienda nayo nitakuwepo Jumamosi mchana. Kuna mama wa kule ameleta ya mtoto wake, ex-UK kama yangu, inasoma -80. Bado sijaifungua.